Sili ya Pikipiki na Boksi la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Namshukuru Mungu kwa kuniamsha salama. Namshukuru pia kwa kunipa mama mkwe anayesema anachotaka. Wenzangu wana wakwe wa kununa mwaka mzima, kosa lenyewe hulijui. Mimi wangu kanieleza.

Jana nilikwenda Makutupora kumwona mke wangu Anjelina na binti yetu Lea. Ni uzazi wa kwanza, kwa hiyo Anjelina alikwenda kujifungulia kwa mama yake. Arobaini imepita, Lea ana miezi mitatu, na mimi bado nakula chipsi peke yangu hapa Area D. Basi nikapaki pikipiki uani, nikasalimia, nikambeba mtoto. Kumbe huku nyuma injini inadondosha oili! Chini ya injini kulikuwa na turubai. Juu ya turubai kulikuwa na mlenda wa mama mkwe, umeanikwa tangu Alhamisi.

Mama mkwe hakunisemesha. Kwetu mtu hagombani na mkwewe uso kwa uso. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, akaongea na kuku. Alimuuliza kuku, mtoto akishikwa homa ghafla baba yake atampeleka hospitali na nini? Na hicho kinachotapika njiani? Kisha akampa kuku sharti. Jumapili ijayo nirudi na pikipiki hiyohiyo. Yeye atatandika boksi chini ya injini, tangu salamu mpaka chakula kiishe. Boksi likibaki kavu, Anjelina na Lea wanarudi nyumbani. Likipata tone moja, moja tu, wanakaa kwake mpaka mvua zianze.

Kuku akanitazama. Nikamjibu kuku kwamba nimesikia, na nashukuru.

Sielewi oili inatoka wapi. Pikipiki naitunza mno. Juzijuzi tu niligundua injini ina kijibomba cha mpira, mdomo wazi, na vumbi lote hili la Dodoma! Nikakiziba kwa kizibo cha chupa ya mvinyo nilichookota kwenye sherehe ya kumuaga bosi wetu. Kimeingia barabara. Waliotengeneza hawakuliwaza hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Respicius yuko pale kona, na watu wote wananiambia nimpelekee. Simpelekei. Mara ya mwisho alinicheka mbele ya wateja, eti kioo cha kushoto nimekifunga kulia. Mimi ni karani wa masjala. Mtu anayetunza mafaili elfu sita hashindwi na injini moja.

Uchunguzi ulianza saa kumi na mbili asubuhi. Nikaosha injini kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikaikausha, nikainyunyizia poda ili oili ikitoka ijichore. Poda yenyewe ya Lea, kopo tulilonunua kabla hajazaliwa, mama yake akalisahau. Nikainusa. Nikakaa chini kidogo. Nimewakumbuka jamani, acha tu.

Poda ikasema kweli. Oili inatokea nyuma ya sproketi ndogo ya mbele, pale cheni inapoanzia. Pana sili pale, kiduara cha mpira chenye chuma ndani, kazi yake kuzuia oili isitoke. Imechoka. Nikapata wazo: sabuni ya mche! Kila mtu anajua tangi la petroli likivuja unaziba kwa sabuni. Nikashindilia nusu mche, nikaondoka kwenda kazini nikiimba.

Injini ikapata moto. Sabuni ikayeyuka, ikachanganyika na oili, cheni ikaichapa. Nimeingia getini na povu mpaka magotini. Mlinzi akauliza kama siku hizi nafua njiani. Nashukuru suruali ilikuwa nyeusi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeamua kubadilisha sili yenyewe, kiume. Nimefungua kifuniko, nikatoa sproketi, nikachokonoa sili kwa bisibisi. Haikutaka. Nikachokonoa kwa hasira. Ikatoka imepinda. Nikaitupa jalalani kwa nguvu zangu zote, nikajisikia vizuri sana.

Dukani muuzaji akaniomba sampo. Yaani ile ya zamani, apime. Nikamwambia sina, lakini ukubwa naukumbuka, nikamwonyesha kwa vidole. Akasema vidole vilivyotoka Area D mpaka mjini vimeshafunguka njiani. Nikamwambia vidole vyangu ni vya kiofisi, havitikisiki. Akanipa sili. Nimefika nayo nyumbani, inacheza ndani ya tundu kama pete ya kuazima.

Nikaenda jalalani kutafuta ile ya zamani. Haipo! Nikapekua nusu saa. Ndipo jirani yangu Joha, anayekaanga maandazi mlangoni kwake, akaniita. Sili ilikuwa kwenye kamba yake ya nguo, imeoshwa, imebanwa na kibanio. Aliniona nikiitupa, akajua nitairudia. Kwanza alisubiri amalize kunitazama ninavyopekua. Mungu ambariki Joha. Nimerudi dukani na sampo, nikapewa mbili, moja ya akiba. Muuzaji alitazama tu vidole vyangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefunga sili mpya kabla ya kazi. Ina pande mbili. Upande mmoja umefunikwa, una namba. Wa pili uko wazi, unaonyesha springi ndogo ya duara. Nikaweka wenye springi nje, ili kila asubuhi niikague hali yake. Nikaigongea kwa mchi wa Joha.

Oili ikamwagika kuliko siku zote. Sasa si tone, ni bomba!

Ikabidi nimwendee Respicius, ila kwa akili. Nilimsalimia, nikamwambia nina rafiki Singida, ana shida na sili, maskini hajui kitu. Respicius hakuinua kichwa. Alisema nimwambie huyo rafiki springi inatazama ndani, kwenye oili. Apake grisi kwenye mdomo wa sili. Agongee kwa kitu cha duara kinacholingana nayo, sio kwa mchi. Nani kamwambia habari za mchi? Halafu akasema nimwambie rafiki aangalie pia kama injini yake inapumua. Hapo nikaona fundi amechoka. Injini si mtu.

Wakati naondoka akanirushia beringi ya zamani, akasema ni ya kugongea, nimpelekee rafiki. Ana roho nzuri, lazima niseme. Ubaya wake ni kucheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu, hakuna kazi. Nimefunga sili ya akiba. Springi ndani, grisi mdomoni, beringi juu, ko ko ko, ikakaa. Nikatandika boksi langu mwenyewe chini, nikakaa kwenye ndoo nikilitazama saa nzima. Kavu! Nimepiga magoti palepale uani, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Joha akasema amina kutoka kwenye karai lake.

Nikamtumia Anjelina ujumbe: fungasha. Akajibu kwamba alifungasha tangu Jumatatu.

Tangu Jumatatu! Nimeusoma ujumbe huo mara sita. Mwanamke ananiamini kiasi hicho, na mimi nilimnyeshea mama yake oili kwenye mlenda.

Kwa furaha nikaenda Nzuguni kwenye maonyesho, kutazama ng'ombe na matrekta. Wakati wa kurudi, mwendo mzuri, upepo mzuri, nikasikia buti la kushoto lina joto. Nikatazama. Sili imetoka yenyewe, imekaa juu ya cheni! Imesukumwa kutoka ndani, kama kuna mtu anasukuma. Nimeirudisha kwa kidole gumba, nikaongeza oili, nikafika nyumbani polepole. Imetoka tena getini.

Sijamwambia Anjelina. Asubuhi kutakucha na wazo.

Jumamosi, 9 Agosti

Kumekucha na wazo! Na nashukuru lilikuja mapema.

Pampasi.

Ipo pakiti nzima tuliyomnunulia Lea kabla hajazaliwa. Kitu kilichotengenezwa makusudi kisivujishe! Nimekunja moja, nikaibandika kwa gundi yake yenyewe chini ya kifuniko cha sproketi. Nimezunguka Area D yote. Tone hakuna. Mama mkwe alisema boksi libaki kavu. Hakusema kwa njia gani. Mimi ni mtu wa ofisini, masharti nayasoma vizuri.

Respicius alipita akielekea kunywa chai. Akasimama. Akasema nimletee pikipiki, aiangalie dakika tano tu, bure. Nikamshukuru sana, nikamwambia kila kitu kiko sawa, huku nimeficha kifuniko kwa mguu. Akainama kidogo, akaona gundi ya pampasi yenye picha za sungura. Akauliza injini ina miezi mingapi.

Nimefunga pampasi nne za akiba kwenye begi, na kanga mpya ya Anjelina.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike haraka kabla sijasahau hata neno.

Nimebadilisha pampasi mara mbili njiani. Nimefika Makutupora saa sita, nikasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, huku natazama chini. Mama mkwe akaitikia. Akatandika boksi, akalinyoosha kwa mkono, akaketi kwenye kigoda akilitazama kama anatazama televisheni. Begi la Anjelina lilikuwa mlangoni. Lea alikuwa mgongoni mwa mama yake, macho kodo. Mimi nikaletewa ugali na mlenda, nikala peke yangu barazani. Tonge la kwanza, boksi kavu. Tonge la kumi, kavu. Kuku alikuja kukagua, akaondoka. Nikanawa mikono. Nimeshinda!

Pwaa!

Pampasi imeanguka. Nyeusi, nzito, imevimba, katikati ya boksi.

Kisha Anjelina akasema harakaharaka kwamba mama alisema tone, na hilo si tone. Amemshika Lea kwa mikono yote miwili. Nikaelewa kwamba si mimi tu ninayeitaka ile nyumba.

Sikuwa na wazo lolote. Siku zote ninalo, leo hapana. Ikabidi niseme kweli. Nilimwambia kuku kwamba nimeshindwa. Kwamba sili ni mpya na inatoka tu. Kwamba nyumba imepoa, kila asubuhi nanusa kopo la poda, na mvua ni mbali sana.

Mama mkwe akasimama. Akaniambia niwashe pikipiki. Akaniambia mimi! Si kuku! Tangu harusi hajawahi kunielekezea neno moja kwa moja. Nikawasha. Yeye ana pampu ya kumwagilia zabibu, mwaka wa kumi na moja huu, anaifungua na kuifunga mwenyewe. Aliinama, akasikiliza, akapitisha mkono nyuma ya injini, akashika kijibomba. Akavuta. Kizibo kikaruka paa! Kuku akakimbilia kwa jirani.

Akasema injini inapumua. Ukiiziba pua, pumzi inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye sili. Akauliza ni nani aliyeiziba.

Nikasema mafundi wa siku hizi. Mungu anisamehe.

Akafungua boliti mbili, akatoa sproketi, akairudisha sili kwa kipande cha bomba la shambani, akajaza oili ya pampu yake. Kisha akatandika boksi lingine, jipya. Injini ikaunguruma muda wa kuchemsha sufuria ya chai. Akaizima. Tukanywa chai yote. Akaliokota boksi, akaligeuza juani, akalinusa. Akaniambia niwachukue watu wangu.

Nimelia. Nilisema ni vumbi, Anjelina akasema ndiyo, ni vumbi, naye analia. Wao walipanda bajaji, mimi nikafuata nyuma na pikipiki, nikala vumbi lao kilomita zote. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeomba ruhusa ya siku moja kazini. Lea amelala kifuani kwangu. Nyumba inanukia vitunguu. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Nimempelekea Joha mchi wake, umeoshwa. Nimempelekea Respicius beringi yake na zabibu za Makutupora, nikamweleza kwamba hatimaye nimegundua injini hupumua. Akauliza hali ya rafiki wa Singida. Nimesema anaendelea vizuri.

Aliyebaki ni mama mkwe. Huyo asante ya mdomo haimtoshi. Kwa bahati nzuri nililifikiria hilo jana hukohuko. Wakati wanapanga mizigo, nilienda kisimani nikaona pampu yake inadondosha maji kidogo. Nikaifungua kimyakimya kwa spana yake, nikaisafisha, nikaifunga. Apate mshangao mzuri asubuhi! Imebaki springi moja tu, ninayo mfukoni. Pampu za zamani waliziwekea vitu vingi visivyo na kazi.

Saa nane mama mkwe amepiga simu. Anjelina ameweka sauti kubwa. Pampu haivuti maji. Zabibu zina kiu. Mama mkwe hakumuuliza mtu nani ameifungua. Yuko kwenye bajaji, anakuja, pampu iko mapajani na begi la nguo liko miguuni. Anjelina ameuliza anakuja kwa siku ngapi. Amejibu mpaka springi ipatikane, na mpaka akague kila kitu kingine kilichofungwa humu ndani na mume wa binti yake. Amesema asubiriwe, pasiguswe kitu.

Anjelina anacheka mpaka ameegemea ukuta. Mimi nashukuru. Lea atalelewa na bibi yake, na mama mkwe sasa anaongea na mimi bila kuku. Lazima akute chumba cha wageni kiko sawa. Kitasa chake kinakwama kidogo, na yeye ana saa nzima njiani.

Nimeshakitoa.