Mirusho Thelathini na Mitatu Isiyohesabiwa

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi binti yangu ameshindwa kufunga nywele zake. Mkono wa kulia ukifika usawa wa sikio unagoma. Ana miaka kumi na mitatu, mrushaji namba moja wa timu ya besiboli ya vijana. Na Jumamosi anakuja mwalimu wa shule moja ya michezo kuchagua mrushaji mmoja. Mmoja tu. Mimi nafasi kama hiyo sikuipata. Ufundi wa mizani nilijifunza kwa kufungua mizani za watu na kuomba Mungu zifungike tena.

Nikamwambia mke wangu huo ni uchovu. Akauliza nimejuaje. Nikasema nina uzoefu wa miaka ishirini na sita. Akasema wa mizani.

Tumekwenda zahanati. Mtaalamu wa viungo ni msichana wa juzi, ananiita mzee wangu. Akamwinua mkono, akaugeuza nje, akamwambia asukume, akalinganisha bega na bega. Akauliza anarusha mara ngapi kwa wiki. Nikajibu. Akasema anamuuliza mgonjwa.

Picha ya eksirei imetoka. Juu kabisa ya mfupa wa mkono kuna mstari, hapo ndipo mfupa wa mtoto unaporefukia. Wa binti yangu umepanuka. Mtaalamu anasema kinachomuumiza ni idadi ya mirusho. Tiba: siku tisini bila kurusha hata mpira mmoja, na mazoezi ya kuvuta ukanda wa mpira kwa ajili ya misuli ya nyuma ya bega. Akiendelea kurusha, bega linaweza kukua vibaya, na likishakua hivyo ndiyo basi.

Nimeuliza kama siku tisini zinaweza kuanza Jumapili. Hakucheka. Ameandika barua ya kumpa kocha. Barua iko kwenye droo ya karakana, chini ya mawe ya mizani.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji amekuja karakana. Huyu ni kaka wa mke wangu na katibu wa timu. Kazi yake uwanjani ni kukaa kwenye kiti cha kukunja na kubonyeza kihesabio, kile kidude cha chuma cha kushika kiganjani. Mrusho mmoja, bonyezo moja. Mirusho ikifika sabini na tano, mrushaji anatoka. Hata akienda haja huenda nacho.

Kitufe kimekwama. Akauliza kama fundi mizani anakiweza kitu kidogo namna hii, au atafute fundi wa kweli. Nikamwambia akiache hapo juu ya meza. Kwa sauti ya upole kabisa.

Nimekifungua. Ndani kuna gurudumu la meno kumi. Nikakumbuka maneno ya mtaalamu: kinachoumiza ni idadi. Haya, tupunguze idadi. Nimesaga meno matatu. Sasa kila mabonyezo kumi, kinaandika saba. Yaani mirusho sabini na tano ya shemeji ni mia na saba ya binti yangu. Atamaliza mechi nzima mbele ya mwalimu.

Fundi wa kweli, eti.

Jumatano, 5 Juni

Tumejaribu uani, mama yake akiwa kazini. Mirusho kumi myepesi ukutani, mimi nikibonyeza. Dirishani mwa kihesabio: saba. Safi.

Lakini binti amesema jambo. Mirusho saba imemuuma. Mitatu haikumuuma hata kidogo. Amesema ilikuwa kama mtu mwingine amerusha kwa mkono wake. Na kweli, mpira wa mirusho ile mitatu haukutoa sauti ulipogonga ukuta. Uligonga, nimeuona, chokaa imedondoka. Kimya.

Mimi nami bega la kulia limenichoma mara tatu. Upepo, nadhani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeshindwa kuvaa shati. Mkono ukifika usawa wa sikio unagoma.

Nimekwenda zahanati peke yangu. Mtaalamu akauliza kama nami narusha mpira. Nikasema sijawahi kurusha hata jiwe. Akapiga picha. Akaitazama, akaitoa ya binti yangu kwenye faili, akaziweka pamoja kwenye taa. Akaniuliza umri. Hamsini na moja. Akaniuliza tena. Akasema mstari ule kwa mtu mzima huwa umeshajifunga tangu ujanani. Wangu uko wazi, na umepanuka. Akasema nimebadilisha picha, nisimchezee kazini, mzee wangu.

Nimejipima kwa rula ya karakana. Mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa milimita nane. Mfupa wangu unakua.

Nimejumlisha. Mirusho iliyofichwa mpaka sasa ni mitatu tu. Jumamosi itafika thelathini na kitu. Maumivu yakienda kwangu, kwake hayapo. Mzazi gani angekataa? Shemeji amekuja kuchukua kihesabio. Amekibonyeza mara moja, akasema kumbe nimeweza.

Jumamosi, 8 Juni

Mechi. Shemeji kwenye kiti chake, anabonyeza. Mimi jukwaani, mkono mapajani kama mtoto wa kuazima.

Sijapata kumwona akirusha vile. Wapigaji walizungusha magongo mpira ukiwa umeshapita. Kila mara bega langu lilipochoma, mpira uliingia kwenye glavu ya mdakaji bila sauti. Watu walianza kushangilia, kisha wakaacha. Mdakaji akawa anaangalia glavu yake kuhakikisha kuna kitu ndani. Mwalimu wa shule alikuwa anaandika. Kisha naye akaacha.

Dirishani: sitini na tatu. Kweli: tisini. Yangu: ishirini na saba. Koti langu halifiki tena kifundo cha mkono.

Mrusho wa mia moja, yangu thelathini, na ile mitatu ya uani jumla thelathini na mitatu. Hapo binti akauweka mpira chini taratibu. Akamwambia kocha kwamba kuanzia begani mpaka vidoleni hasikii kitu, hajui kama mkono upo, na hatarusha tena. Akaja moja kwa moja jukwaani. Akaweka kidole gumba begani pangu, hapohapo penyewe. Nikalia kama kifaranga, mbele ya shemeji.

Akasema: "Baba, hilo ni langu. Nirudishie."

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu ameikuta barua kwenye droo. Amesimama nyuma yangu, barua mkononi, mpaka nikalehemu meno mapya matatu kwenye kihesabio nilichokichukua tena kwa shemeji.

Jino la tatu liliposhika, binti alishika bega lake akalia. Kisha akacheka huku analia. Akasema linauma, Mama, linauma kweli. Wakakumbatiana. Mimi nilikaa na kihesabio.

Mwalimu wa shule amepiga simu. Amesema wa kurusha wapo wengi, mtoto anayejua wakati wa kuacha ndiye hampati. Atakuja kumwona tena baada ya siku sitini. Mtaalamu anasema tisini, hakuna mjadala. Binti amesema basi mwakani, yeye atasubiri. Anasema hivyo huku anavuta ukanda wake, taratibu, anahesabu kwa sauti.

Shemeji amechukua kihesabio. Amesema fundi wa kweli angekifungua mara moja tu.

Jumatatu, 10 Juni

Bega langu la kulia limepoa. Mkono umebaki mrefu, lakini unafikia rafu ya juu bila ngazi. Faida.

Kuhusu mwakani, sikubali. Siku tisini kuingia kwenye sitini si jambo kubwa, ni uwiano wa tatu kwa mbili. Nimeshusha saa ya ukutani ya sebuleni. Gurudumu la meno thelathini nimelitoa, nimetia la ishirini. Meno kumi tu yamepungua, na kwa siku sitini itahesabu tisini. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa kugusa idadi ya mirusho, na mtoto akahisi. Siku hakuna anayezihisi. Na hata likitokea la kutokea, bega la kushoto sijalitumia kabisa.

Saa inakwenda vizuri. Haitoi sauti.

Mchana mke wangu ameniuliza tangu lini nina mvi upande wa kushoto. Nimemwambia ni vumbi la chuma. Jioni ameuliza kuhusu ndevu za upande huohuo.