Kisanduku cha Shukrani

Jumatatu, 6 Mei

Mwanangu kapewa kompyuta zote za ofisi! Zote! Na printa, na skrini, na simu za mezani, na ile mashine ya ukumbini inayotupa picha ukutani. Siyo azibebe. Azisajili kwenye mfumo mpya, kila kifaa na habari zake, kama watoto wa shule. Meneja kasema mbele ya watu: Ijumaa nakuja kuuona, ukinipendeza, binti, unathibitishwa kazini. Kibarua basi. Ajira ya kudumu!

Sijamsalimia mtu leo. Salamu za nini? Nimeingia kila chumba na habari mdomoni. Mhasibu nilimkuta anatafuna, nikamwambia hivyo hivyo. Mlinzi nimemwambia mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa anafungua geti na hakushangaa vya kutosha.

Wifi yangu nimempigia simu. Kauliza kama hiyo ndiyo ile kazi ya kuhesabu kompyuta. Kuhesabu! Wa kwake kamaliza chuo lini, na mpaka leo anahesabu nini? Dari.

Mimi ni mtunza stoo hapa. Elimu yangu ya msingi, na cheti changu hakina doa. Sabuni, karatasi, mifagio na kibodi zilizokufa, vyote vi mikononi mwangu. Kwa hiyo akili ya kutunza vifaa mtoto hakuiokota barabarani. Na meza kapewa stoo kwangu, ndiko waya wa mtandao unakofika. Mungu ana mpangilio.

Jumanne, 7 Mei

Aibu. Tena mbele ya kadamnasi.

Binti katuita ukumbini, akatueleza vizuri mpaka nikataka kupiga vigelegele. Mfumo umekuja na visanduku vyake vya kujaza: jina la kifaa, namba yake, siku kilichonunuliwa. Lakini kila ofisi ina mambo yake, kwa hiyo visanduku vingine tutavitengeneza wenyewe. Nani ana pendekezo? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo.

Nikapendekeza Tabia ya Mtumiaji. Kuna watu humu wanakula mikate juu ya kibodi! Ijulikane!

Akasema, kwa heshima lakini akasema, kwamba hiyo ni habari ya mtu, siyo ya kifaa. Nikapendekeza Aliyekiharibu. Akasema kila litakalofanyika mfumo utaliweka wenyewe kwenye historia. Watu wakacheka. Mhasibu alicheka na mate.

Hapo akainuka Miwani. Huyu ni katibu wa Meneja, miwani yake kaifunga mnyororo kama mbuzi atakayetoroka, na tangu nimwambie kalamu huombwa kwa maandishi hatupikiki chungu kimoja. Akasema: Chumba. Basi! Chumba kilipo kifaa. Neno analolijua mtoto wa kutambaa! Na mwanangu akang'aa uso, akasema hicho ndicho hasa, bila hicho Meneja hataona kitu. Akakitengeneza palepale, tukitazama. Chumba. Cha Miwani.

Aliyembeba mgongoni ni mimi. Aliyemkamua kamasi ni mimi. Miwani kamkamua nani?

Jioni nikamnunia. Akapika yeye. Nikala, lakini kwa kununa.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata dawa yao.

Mwanangu kashinda akizunguka chumba hadi chumba. Anapiga magoti chini ya meza za watu, anasoma namba nyuma ya mashine, anarudi stoo kujaza: printa hii, chumba hiki. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Saa ya chakula akapanda juu kula na wahasibu, skrini akaiacha wazi.

Nikaketi. Kutazama tu. Lakini jana nilimwona anavyofanya: unabonyeza alama ya kujumlisha, unaandika jina, unachagua aina. Kushona kifungo ni kugumu zaidi. Jina nikaandika: Umemshukuru Mama wa Fundi? Aina nikachagua ile ya majibu yaliyopangwa, mtu asijiandikie upuuzi wake. Jibu la kwanza: Ndiyo. La pili sikuona lina kazi gani.

Chini yake kulikuwa na mahali pa kuweka alama: Lazima. Nikaweka. Nyumbani kwangu kisichokuwa lazima hakifanyiki. Muulize baba yao kuhusu bomba la jikoni.

Mfumo ukasema umehifadhi. Nikarudi kwenye sabuni zangu kama si mimi. Na kwa nini nisishukuriwe? Mfumo kauzaa yeye, yeye nimemzaa mimi. Ule mfumo ni mjukuu wangu.

Alhamisi, 9 Mei

Shukrani ya punda ni mateke.

Asubuhi hakuna kitu kilichohifadhika. Binti alikuwa ameandaa vifaa vya ghorofa nzima aviingize kwa mkupuo. Mfumo ukavitema vyote. Kila mstari jibu lile lile, kwa wekundu: Umemshukuru Mama wa Fundi? Jibu linahitajika. Miwani akalisoma kwa ile sauti yake ya kusomea barua za Meneja, korido nzima ikatoka kusikiliza. Sasa naitwa Mama Lazima. Mlinzi kaniuliza kama geti nalo linishukuru kwanza ndipo lifunguke.

Nikasema huenda mfumo unakuja hivyo kutoka kwao, huko wanaheshimu wazazi.

Binti akaiondoa ile alama, kisanduku changu akakisukumia chini kabisa, akaanza upya. Hakunitazama. Angenigombeza ningejua la kujibu. Hajui hata kugombeza, mtoto huyu, kalelewa vizuri mno.

Miwani akamletea chai. Akamshika bega. Akamwambia: "Pole, mwanangu."

Mwanangu! Wa nani?

Hilo halikushuka. Saa ya chakula binti akapanda juu tena. Safari hii skrini kaifunga, lakini neno lake la siri ni jina la paka wetu marehemu, nani asiyemjua? Nikaingia kukipa pole kisanduku changu. Kiko chini, kimekaa peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Na juu, kifua mbele: Chumba.

Nikakifuta. Mfumo ukauliza kama nina uhakika, maana taarifa zote zilizomo zitapotea. Mimi sijawahi kukosa uhakika maishani. Na taarifa zenyewe ni zipi? Vyumba! Vyumba vimejengwa kwa matofali, vitapotelea wapi?

Ijumaa, 10 Mei

Siku yenyewe. Nimevaa gauni la harusi ya mdogo wangu.

Nilimkuta binti ameganda mbele ya skrini. Kila kifaa kimo, hakuna kinachojulikana kiko wapi. Kila meza aliyopigia magoti, bure. Akafungua historia. Historia inasema aliyefuta ni yeye mwenyewe, jana saa ya chakula. Na saa hiyo alikuwa juu, kijiko mkononi. Akaisoma, akanitazama. Nikatazama mifagio.

Nilitaka kusema. Ulimi wenyewe ukasema: atakuwa Miwani.

Akatoka mbio kuanza upya, chumba kwa chumba. Mimi nikaenda kwa Meneja, nimsindikize kwa heshima zote. Hatoki. Nikasubiri, hatoki. Nikachungulia: Miwani kamrundikia barua za kusaini, akimaliza moja anampa nyingine, na kikombe cha chai anakijaza tena. Husuda hiyo! Anamzuia makusudi asiione kazi ya mwanangu! Nikaingia bila hodi. Nikatangaza: Meneja, fundi yuko tayari, anakusubiri wewe tu.

Miwani akavua miwani. Mnyororo ukalia. Akasema polepole: "Mama Lazima, ungeuliza kwanza."

Kumbe walikuwa wamepatana. Amzuie Meneja mpaka mwanangu amalize.

Meneja akashuka stoo. Akauliza chumbani kwake kuna vifaa gani. Mfumo ukajibu: hakuna. Mtu kaacha kompyuta yake inawaka mezani, skrini mbili, printa ya rangi, anaambiwa hana kitu. Binti, anahema, akasema kakosea yeye. Yeye! Miwani akadakia kwamba kosa ni lake, alimcheleweshea majina ya vyumba. Uongo mweupe, tena mbele ya bosi wake.

Meneja akasema atautazama tena Jumatatu saa tatu asubuhi. Ukiwa hivi, binti atafute kazi kwingine. Na kuanzia sasa ahamie kwa Miwani, waya uvutwe huko, stoo pana vurugu.

Mwanangu akamgeukia Miwani, machozi yanamlenga. Akasema: "Ahsante, mama."

Mama! Na mimi nimesimama palepale, na gauni la harusi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na nimeona kosa liko wapi. Liko kwa Miwani. Asingependekeza Chumba, nani angekifuta?

Binti kashinda ofisini leo anamalizia vyumba, Miwani kaenda kumsaidia, siku ya mapumziko. Aliporudi alikaa karibu nami. Hana hasira, na hilo ndilo linalonikata maini. Akasema kabadili neno la siri. Akasema pia kisanduku changu hakukifuta. Kakiacha palepale chini, anayetaka ajaze, asiyetaka apite. Na kwenye kifaa kimoja kachagua Ndiyo kwa mkono wake: printa ya stoo. Akasema hiyo imetoka moyoni. Kisha akaniomba kitu kimoja tu: Jumatatu nikae na sabuni zangu.

Nikalia. Nilimkumbatia mpaka akasema anaumia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Baadaye nikafikiri. Kimoja? Jengo zima lenye mashine kila kona, nashukuriwa kwenye kimoja? Tena printa isiyochapa tangu inyeshewe!

Neno la siri jipya nimeshalijua. Tuna paka wa pili. Jumatatu alfajiri nitawatangulia wote, nivijaze Ndiyo vyote vilivyobaki, na ile alama ya Lazima niirudishe mahali pake. Kisanduku nitakipandisha juu. Pakiwa padogo, kuna kimoja nitakiondoa.

Wifi nimempigia, na mashangazi wengine wote wa binti, na jirani yetu yule mwenye sauti. Nimewaambia njooni mwone kwa macho yenu mwanangu anavyothibitishwa, na mama yake anavyoshukuriwa kwenye kila skrini. Wifi kauliza kama Meneja anajua. Nikamwambia atajua. Mlinzi atawafungulia. Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, wote.