Poda kwa Ajili ya Udaktari

Jumatatu, 13 Mei 2024. Butembo.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mwalimu hodari, akipewa ofisi na muhuri, papo hapo anakuwa kiongozi hodari wa shule. La! Kufundisha ni kazi moja, kuongoza shule ni nyingine, nayo husomewa mpaka udaktari. Ila hapa kwetu masomo hayo hayapo. Kavuo, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye ni prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, itabidi ayafuate Kisangani na kuiacha shule yake. Ijumaa baraza la chuo chetu linakaa Beni kuamua kama yaanzishwe. Mpango ninao. Kwetu aliyefaulu mtihani humwagiwa poda. Basi tumwage kabla! Nani atathubutu kukataa jambo ambalo limekwisha kusherehekewa?

Jumanne

Onésime, prefe mstaafu kama mimi na mpinzani wangu tangu ujana, amenicheka sokoni mbele za watu. Eti daktari wa kuhesabu chaki! Atatibu nini, ubao? Nilimweleza kwa utulivu, kuanzia shule ya kwanza duniani. Akasinzia. Ushindi.

Jumatano

Kavuo hataki. Baba mudogo, amesema, poda hapana! Mimi mwenyewe nitabaelezea. Maskini. Anaamini baraza husikiliza sababu.

Ijumaa. Beni.

Mama Jokébed, mwimbaji wa kanisani kwetu, alileta wenzake wa kwaya kutoka Ruwenzori, kila mmoja na kopo lake la poda. Ishara: Papa Prefe, yaani mimi, akivua kofia, mwageni. Jua kali. Nikavua kofia kufuta jasho. Wakamwaga! Aliyekuwa akishuka garini ni mwenyekiti wa baraza mwenyewe, na suti yake nyeusi. Mweupe hadi kope! Onésime, aliyenifuata hadi huko, alishika ukuta kwa kucheka. Ukumbini mwenyekiti akauliza ni nani amefaulu. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama Jokébed, ambaye ni mpana.

Kavuo akasimama. Akasema hakuna aliyefaulu, mzee, kwa sababu hapa hakuna pa kusomea. Yeye alisomea kemia. Hakuna aliyemfundisha kuongoza shule iliyopokea watoto waliokimbia vita hadi wakakaa sakafuni, wala kupatanisha wazazi waliotaka kupigana kwa ajili ya madawati. Akienda Kisangani, watoto hao wabaki na nani?

Mwenyekiti alijipangusa taratibu. Akasema hawezi kurudi kwa mke wake akiwa mweupe namna hii bila habari njema. Wakapiga kura. Ndiyo! Masomo yaanze Oktoba, Butembo, na Kavuo awe wa kwanza kuandikishwa!

Poda imeshinda!

Jumamosi. Butembo.

Kavuo amenishukuru kwa machozi, kisha akaniomba nisikanyage kwenye sherehe ya ufunguzi. Ni aibu tu hiyo. Nimekwisha kuagiza fanfari, bendi ya matarumbeta, kutoka Mutwanga, ije kwa pickup. Ishara ya kupiga nitaitoa mimi mwenyewe. Na Onésime? Anataka kujiandikisha, kwa umri ule!

Kwa wanaochelewa kuelewa, kazi ni hii: leo, nenda shuleni kwa mtoto wako, umuulize mkuu wake ni nani aliyemfundisha kuongoza.