Karanga Hazina Kosa

Jumatatu, 6 Juni 1955. Majengo, Mpanda.

Nimekasirika tangu asubuhi. Jumamosi dada yangu Paskalia anamwoza binti yake Verdiana. Wakwe wanatoka Karema, watu wa ziwani, wasemaji wakubwa. Nani atasimama kumkabidhi binti? Mjomba, yaani mimi! Sasa nasikia Gaudensi, baba mdogo wa Verdiana, anatangaza kwamba mjomba ana sauti ya kuku mwenye mafua. Mimi! Mimi niliyepiga kelele kwenye mashamba ya karanga ya Urambo mpaka trekta ikazimika yenyewe!

Kweli, Gaudensi ana sauti kama ngoma. Siri yake nimeijua: karanga. Anatafuna kutwa, mifuko ya kaptura imevimba. Kule Urambo bwana shamba alituambia karanga zina mafuta, zinajenga mwili, zinaongeza nguvu. Mimi sijawahi kuonja. Urambo tulikatazwa kula mbegu, na kwetu ni mwiko wa ukoo. Ushamba mtupu! Treni imefika Mpanda (mimi ndiye niliyeionyesha njia), halafu mtu mzima aogope karanga? Naanza kula.

Jumatano, 8 Juni.

Za kukaanga, na chumvi. Konzi moja tu. Midomo ikawasha kama nimebusu siafu. Vipele mpaka masikioni. Nikafurahi: nguvu zinatafuta pa kutokea!

Paskalia kanitazama, kashika kiuno, kaniuliza kaka umekula nini. Nikamwambia nimekula maendeleo. Akaja juu! Kwani nimesahau marehemu shangazi alivyovimba koo kwa mchuzi wa karanga akatufia mikononi? Sijasahau. Shangazi alikufa kwa kupenda ugomvi wakati wa kula.

Alhamisi, 9 Juni.

Nimefikiri kisomi. (Darasa la tatu nilimaliza, la nne nililichungulia dirishani.) Kosa ni chumvi! Nikamwambia mke wangu Dafrosa achemshe karanga bila chumvi. Kakataa. Anasema nguo nyeusi hana. Mwanamke gani huyu! Nimechemsha mwenyewe.

Macho yakajifumba yote mawili. Nimepapasa kuta za watu hadi zahanati. Dresa Apolinari, mfunga vidonda wa hapo, kanichoma sindano huku ananigombeza. Anasema karanga ni chakula kizuri, hata watoto waliokonda anawashauri mama zao watie kwenye uji, mradi zisiwe zimeota ukungu. Lakini wewe mzee, mwili wako hauzitaki, na siku moja koo litaziba. Nikamuuliza mbona Gaudensi anakula. Kanijibu Gaudensi ni Gaudensi. Aa! Hao lazima ni ndugu. Hata sindano kaichoma kwa chuki.

Jumamosi, 11 Juni.

Paskalia kaniapisha kwa jina la mama yetu. Nikigusa karanga, Gaudensi ndiye atakayemkabidhi binti. Nikaapa. Kanisani salama. Nyumbani wakwe wamekaa, ngoma imenyamaza, zamu yangu inakaribia. Gaudensi akapita anatafuna, akakohoa kama lori linapanda mlima. Akauliza mbele ya wakwe: je, mjomba, sauti umekuja nayo au nikuazime? Wakwe wakacheka!

Damu ikachemka. Nikazunguka jikoni. Sufuria ya kisamvu, kimeungwa karanga. Nikawaza: nimeapa kuhusu karanga, hiki ni kisamvu. Nikala upawa mzima.

Nikasimama. Nikafungua kinywa. Ulimi umejaa kote! Ikatoka sauti ya chura. Mama mkwe akadhani nalia kwa uchungu wa kumwacha binti, naye akaangua kilio. Pumzi ikageuka mluzi. Nikaangukia ngoma. Krispini, bwana arusi mwenyewe, kanibeba mgongoni na suti yake hadi zahanati. Verdiana nyuma, analia, shela linaburuta vumbi.

Gaudensi akamkabidhi binti. Nasikia alipigiwa vigelegele. Mwizi!

Jumapili, 12 Juni.

Nimelala zahanati. Nimewakasirikia wote. Apolinari anasema wangechelewa kidogo tu, leo ningekuwa nachimbiwa. Anapenda kutia chumvi huyo.

Kabla ya kuondoka kwenda Karema, Verdiana kaja kuniaga. Kapiga magoti, kanishika mkono. Anasema mjomba, wewe uliniachisha kulia nilipofiwa na baba. Mtoto wangu wa kwanza nataka umbebe wewe. Acha karanga, nakuomba. Machozi yalinitoka. Nimemwahidi. Na safari hii sitanii.

Jumatatu, 13 Juni.

Nipo nyumbani. Kitanda cha zahanati ni kigumu, lakini kinafikirisha. Nimepanga mambo yote vizuri. Za kukaanga zilinidhuru. Za kuchemsha zilinidhuru. Za kwenye kisamvu ndiyo zikaniangusha. Sasa, kitu gani kilikuwemo mara zote tatu? Hata mtoto angekiona, ila Apolinari na masomo yake yote hakukiona.

Moto!

Zote zilipita motoni. Moto ndio unaoharibu. Verdiana nilimwahidi, na ahadi yangu ni ahadi: za moto sigusi tena maishani.

Nimeng'oa kichaka kizima cha karanga shambani kwa Gaudensi, bado kina udongo. Mbichi kabisa. Dafrosa kanikuta namenya, katupa ufagio, kakimbia kumwita Krispini. Sijui wa nini. Krispini yuko Karema.