Mjane, Pikapu na Bunduki za Marehemu

Mtu akishakaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni na povu kidevuni, huwa na hamu ya ajabu ya kumwaga mambo yake. Labda ni ule wembe karibu na koo. Basi asubuhi hiyo aliyekaa kitini alikuwa mwuza mbao, mdogo wa yule mwindaji aliyefariki majuzi, mtu mwenye kifua kipana na roho ya kwanini.

"Pole kwa msiba," kinyozi alimwambia.

"Nimeshapoa. Msiba uliobaki ni shemeji yangu. Nimechukua pikapu, nimechukua jokofu, nimechukua makochi, yote mali ya ukoo, wala hakusema neno. Lakini bunduki za kaka kazikalia kama kuku anayeatamia."

"Bunduki?"

"Tatu, za kuwindia. Vitako vya mpingo, vimechongwa swala. Ziko kwenye kabati la chuma lililojengewa ukutani, na ufunguo anauvaa shingoni, hauvui hata akioga."

"Kwani una leseni?"

"Nina ukuta," alijibu mwuza mbao. "Nitazitundika dukani. Mteja akitaka kubishana bei, azitazame kwanza, kisha tuongee."

Kinyozi akaendelea kunyoa. Alimjua mteja wake vizuri: soda ikifunguliwa karibu yake, alikuwa akishtuka.

Kwenye benchi la kusubiri zamu, nyuma ya gazeti la wiki iliyopita, masikio mawili yalikuwa yamesimama wima. Yalikuwa masikio ya Hakika. Jina lake la kweli mtaani hawakulijua. Walimwita Hakika kwa sababu kila uongo wake ulianza na neno hilo. Kwa kazi alikuwa dalali wa vitu visivyo vyake. Alikuwa na koti moja lenye mifuko minne, yote mitupu, lakini alitembea kama mtu aliyelemewa na vilivyomo.

Hakika alikunja gazeti taratibu. Bunduki tatu. Mjane mmoja. Mpumbavu mmoja mwenye tamaa. Mungu akupe nini tena? Akatoka bila kunyolewa.

Mjane alikuwa mshonaji wa sare za shule. Hakika alimkuta sebuleni, ameinama juu ya cherehani. Chumba kilikuwa kitupu; sakafuni zilibaki alama za miguu ya makochi, na kwenye kona palikuwa na mraba msafi mahali lilipokuwa jokofu. Sare zilizokwisha shonwa zilipangwa ukutani mpaka karibu na dari.

"Shemeji!" Hakika alilia mlangoni, leso ikiwa tayari machoni. "Pole, shemeji yangu! Habari nimezipata jana tu. Nimeshindwa hata kunywa maji."

Mjane alisimamisha cherehani. "Asante, baba. Samahani, sikukumbuki."

"Hakika marehemu hakukusimulia habari zangu? Mimi na yeye tumelala pori moja, tumekula chungu kimoja! Ule usiku alipompiga nyati, unadhani tochi aliishika nani?"

Mjane alimtazama kitambo. Mumewe alikuwa mtu wa kulala jua likizama. Hata porini, nyati angekuja usiku angelazimika kumwamsha kwanza.

"Kumbe ni wewe uliyeshika tochi," akasema kwa upole. "Karibu kigoda, shemeji."

Hakika alikaa, akapangusa macho makavu, akaingia kazini. Alieleza kwamba bunduki ya marehemu ni sawa na nyoka uvunguni: hata asipouma, siku atakapoonekana mwenye nyumba ndiye atakayeulizwa. Sheria kali! Faini! Jela! Mjane mzima na cherehani yake kwenye karandinga! Kwa bahati nzuri yeye alikuwa akijuana na duka lenye kibali, wangezikagua, wangezinunua, na yeye mwenyewe angemletea chake mkononi.

"Mimi ni mwanamke wa sindano, bunduki sizijui," alisema mjane. "Ila pesa zake sizitaki. Nitakachonunua leo, kesho shemeji yangu atakuja kukibeba. Ninachotaka ni pikapu yangu. Shule zinafunguliwa, nimejaza sare humu ndani, nazisambaza kwa kubeba kichwani kama siafu. Mwalimu mkuu mmoja ameshaniambia nikimchelewesha tena, atampa kazi mtu mwingine." Akashusha pumzi. "Laiti angekuwepo mwanamume wa kumwendea shemeji, anayejua kuzungumza..."

Kumwambia Hakika kwamba anahitajika mtu wa kuzungumza ni kama kumwambia samaki kwamba anahitajika mtu wa kuogelea. Aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Shemeji! Nimepata wazo!"

"Umepata wewe?"

"Mimi mwenyewe! Yeye anataka bunduki, wewe unataka gari. Alete pikapu, achukue bunduki. Mimi nitakuwa katikati."

"Mungu wangu," alisema mjane. "Hilo nisingeliwaza kamwe."

Hilo ndilo wazo alilolisema. Lile alilolinyamazia lilikuwa tamu zaidi: mtu wa katikati akiwa na pikapu mkono huu na bunduki mkono ule, kitu gani kitamzuia kuwaacha hao wa pembeni watazamane?

Yadi ya mbao ilikuwa na vumbi la msumeno na kelele. Hakika alimvuta mwuza mbao nyuma ya rundo la mirunda, akamnong'oneza kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali.

"Shemeji yako anaziuza bunduki."

"Anamuuzia nani?"

"Mimi hapa. Lakini hakika nilipoviona vile vitako vya mpingo, moyo ulinisuta. Nikasema, mali ya ukoo itoke ukooni, mimi nikiangalia? Anataka pikapu tu."

"Pikapu ni mali ya ukoo!"

"Na bunduki je?"

Mwuza mbao alikuna kidevu kilichonyolewa vizuri. Aliona mbali, au alidhani hivyo. Pikapu alishaichukua mara moja. Nini kingemshinda kuichukua mara ya pili? Tena safari hiyo angekwenda na bunduki begani.

"Haya. Lini?"

"Kesho mchana. Gari utanikabidhi pale langoni, wewe usubiri kwenye kona. Ukimtokea mama wa watu, atalia, na akilia ataghairi."

Kesho yake jua la mchana likiwaka, Hakika aliingiza pikapu uani kwa mjane, akafunga lango, akatia ufunguo wa gari mfukoni. Kwa mara ya kwanza mwaka ule mfuko mmoja wa koti lake ulikuwa na kitu.

Mjane alikuwa amekwisha kuyaweka tayari mafurushi matatu marefu, yamefungwa kwa mablanketi na kushonwa kwa uzi mnene. Yalinukia mafuta ya chuma. Hakika aliyapapasa: vitu vigumu, vizito, virefu. Akaanza kuinua la kwanza alirushe nyuma ya pikapu.

"Taratibu!" Mjane alirukia mkono wake. "Taratibu, shemeji! Marehemu hakuwa na mazoea ya kutoa risasi."

Hakika alisimama kama aliyepigwa picha. "Zi... zina risasi?"

"Sijui. Mimi ni mwanamke wa sindano. Lakini wewe ulikuwa ukiwinda naye, si unajua tabia yake?"

"Hakika," alisema Hakika, jasho likianza kumtoka. "Hakika naijua."

"Basi mimi naogopa hili gari. Barabara yetu ni mashimo matupu. Gari likiruka, nazo zitaruka. Na shemeji yangu tukimpa hivi hivi, atajipiga mguu. Si ulisema kuna duka la kuzikagua? Zipeleke kwanza kwa miguu, pitia uchochoro wa nyuma. Gari litakusubiri hapa. Nani ataliiba, na ufunguo unao wewe?"

Hakika alimtazama yule mama kwa huruma ya kweli kabisa. Watu wa namna hii, alijiambia, hawapaswi kuachwa peke yao duniani. Anamkabidhi bunduki zote tatu, bila shahidi, na kumwonyesha mlango wa nyuma! Pikapu angeifuata baadaye, mwuza mbao akishachoka kusimama juani.

"Shemeji, una busara," akasema.

Basi waliokuwa uchochoroni mchana ule walimwona mtu mwenye koti zuri akitembea kwa ncha za vidole, amekumbatia mafurushi matatu kama mama aliyejifungua mapacha watatu. Alipokaribia jalala vumbi lilimwingia puani. Akasimama, akafumba macho, akaizuia chafya ile mpaka masikio yakavuma. Mwanamke mmoja alimsalimia kwa sauti kubwa, naye akamjibu kwa kumsihi asipige kelele.

Alifika chumbani kwake shati limelowa chapachapa. Akafunga mlango, akalaza mafurushi kitandani moja moja, akaanza kufumua uzi kwa meno. Kazi nzuri, mshono imara. Mjane hakuwa mvivu.

Furushi la kwanza lilikuwa na mchi.

La pili nalo mchi.

La tatu lilikuwa na kipande cha bomba la maji, koki yake bado ikiwa kichwani, limepakwa mafuta ya cherehani kwa ukarimu.

Hakika alilitazama bomba kwa muda mrefu. Alifungua koki, akaifunga. Katika maisha yake alikuwa amewauzia watu viwanja vilivyo chini ya maji na ng'ombe waliokufa zamani, na siku zote alijiuliza wale watu hujisikiaje wakifika nyumbani. Sasa alijua. Wanajisikia joto usoni.

Lakini pikapu! Ufunguo ulikuwa bado mfukoni. Akabeba michi na bomba begani, maana alitaka kumtupia yule mama ushahidi mbele ya macho yake, akatoka mbio.

Huku nyuma, mwuza mbao alikuwa amechoka na kona. Alikwenda akagonga lango kwa ngumi.

"Shemeji! Fungua! Bunduki zangu ziko wapi?"

Lango likafunguliwa. Aliyelifungua alikuwa sajini wa polisi, mwanamke mrefu aliyevaa kofia yake sawasawa.

"Bunduki zipi, ndugu?"

Mwuza mbao alichungulia ndani. Nyuma ya sajini aliiona pikapu ikinguruma, na mjane akipakia sare. Gari likiwa lako huwa na funguo mbili, na mjane hakuwahi kuulizwa ya pili iko wapi.

"Nauliza," sajini akaendelea, "kwa sababu bunduki za marehemu ziko kituoni. Mama alizileta mwenyewe baada tu ya mazishi, kama sheria inavyotaka, na duka lenye kibali limeshakubali kuzinunua. Pesa atapewa yeye, mwenye haki. Sasa wewe unazo nyingine? Umenunua kwa nani? Kwa leseni gani?"

"Mimi? Sijanunua! Bunduki naziogopa, muulize kinyozi!"

"Basi hapa ulifuata nini?"

Alimtazama sajini, akamtazama shemeji yake, akaitazama pikapu.

"Nilikuja... kurudisha gari la shemeji."

"Ahsante, shemeji," alisema mjane bila kuinua kichwa. "Nilijua una moyo wa ndugu."

Hapo ndipo Hakika alipoingia mbio langoni, michi begani, mdomo wazi kwa matusi aliyoyapanga njia nzima. Akaona kofia. Matusi yote yakamrudia tumboni.

"Na huyu?" aliuliza sajini.

"Narudisha michi," alisema Hakika kwa sauti ndogo. "Niliazima."

"Na hilo bomba?"

"Nalo niliazima."

"Mtu anaazima bomba?"

"Hakika," alisema Hakika, na kwa mara ya kwanza neno lile likakosa nguvu.

"Na ufunguo wa gari uko mfukoni mwako," alisema mjane. "Weka tu hapo kwenye kigoda, shemeji wa tochi."

Akauweka.

Sajini aliwatazama wanaume wawili, akamtazama mjane, na shavu lake likatikisika kidogo. "Ukoo huu una watu waaminifu. Kila mtu anarudisha. Nasikia kuna jokofu pia, na makochi?"

"Yako njiani!" alisema mwuza mbao haraka.

"Yako njiani wakati nyinyi mko hapa? Yanatembea yenyewe?"

Pikapu haikuwa na nafasi. Ilikwisha jaa sare, na mjane alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Ikatoka langoni na kushika njia ya shuleni, honi ikilia mara moja kuwataka wapishe.

Jioni ile, jokofu likiwa limeshafika, watu wa mtaa walikaa vibarazani kutazama kochi kubwa likipita barabarani, mwuza mbao mbele, Hakika nyuma, koti limeraruka kwapani. Nusu ya njia walilitua chini, wakalikalia kupumua.

"Kweli ulikuwa rafiki wa kaka?" aliuliza mwuza mbao.

"Sikuwahi hata kumwona."

"Bahati mbaya. Ungemjua, angekuonya juu ya mke wake. Mimi alinionya akiwa kitandani, siku chache kabla hajafa. Akaniambia, mdogo wangu, usicheze na huyu mwanamke."

"Nawe ukafanya nini?"

Mwuza mbao alilipigapiga kochi kwa kiganja.

"Nilichukua makochi," akasema. "Haya, inua. Bado mawili."