Lalamiko juu ya Mfarishi Usio na Upande wa Ndani

Chukwani, Jumatatu

Kwa Bi Ummy Silima,
Mwenyekiti wa Kikundi cha Washona Mifarishi, Ng'ambo.

Bi Ummy, nakusalimu wewe na mafundi wako.

Naandika nikiwa kitandani. Daktari amenikataza hasira, kwa hiyo nitalalamika kwa adabu. Mpwa wangu Nassra amenifunika mfarishi alioununua kwenu, na tangu hapo sina raha. Sababu ni hizi:

1. Mfarishi wenu hauna upande wa ndani. Kila kipande kimetiwa pamba na kupigwa mishono peke yake, kisha vyote vikaungwa kwa cherehani, na viungo vikafunikwa utepe huku na huku. Nimeugeuza na kuugeuza. Kote ni nje. Nyumba yenye heshima ina vikombe vya wageni na vikombe vya wenyewe. Mfarishi nao ulipaswa kuwa na uso wa wageni na aibu ya wenyewe.

2. Wanaokuja kunitazama wamenyimwa haki yao. Bi Mwanapili, huku akiniombea shifaa, aliinua pembe ya mfarishi kutafuta fundo la uzi. Hakuliona. Ikabidi achunguze kitu kingine, akaniona mimi, na sasa mtaa mzima una habari za mbavu zangu.

3. Wasichana wenu wakizoea kwamba kazi iwe safi hata pasipoonekana, kesho watawadai hivyo waashi, kesho kutwa maofisi, na mwishowe waume. Tutakaa wapi? Naomba Kikundi kipitishe sheria: kila mfarishi uwe na japo upande mmoja wa kusitiri uzembe.

4. Kisha watawageukia walimu, na hapa ndipo ninapoumwa. Ulikuwa na miaka kumi na minne uliponiletea, kwa maonyesho ya skuli, mfarishi mdogo wa namna hii hii. Niliutafuta mshono wa kuungia, nisiuone. Mbele ya darasa nikasema umeshonewa na mtu mzima, nikakupa sifuri. Ukaniambia, "Mwalimu, nipe vipande nishone mbele yako." Nikakwambia ukae chini. Hukurudi tena darasani kwangu. Miaka hamsini nimewaambia watu kuwa nililinda uaminifu. Bi Ummy, nilijua umeshona mwenyewe. Ulishonea cherehani ya skuli, kila alasiri, na chumba nilikufungulia mimi. Nisichojua ni ulivyoviunga vipande bila kiungo kutuna, na mwalimu wa kushona nilikuwa mimi.

Kwa hiyo natarajia Kikundi kitaondoa haraka kasoro hii ya kukosa kasoro. Na wewe, ukiweza, uniwie radhi kabla sijavishwa nguo isiyopita cherehani.

Nisalimie mafundi wote, na kila aliyeko Ng'ambo anayenikumbuka kwa wema, kama yupo.

Ni mimi, niliyekuwa mwalimu wako,
Mwanamkasi Nahodha

Tanbihi: Nassra amenisogezea cherehani karibu na kitanda. Nimeshatia pamba vipande sita, lakini kila nikiviunga, kiungo kinatuna upande mmoja. Nimefumua mara tatu. Njoo Alkhamisi unifundishe. Hata kama hujanisamehe, njoo.