Kwarara wa Tuta la Tisa

Jumanne, 10 Oktoba

Leo asubuhi Marlys Voight amenisalimia kwanza, tena kwa tabasamu. Kuna jambo.

Mtu mwenye ndege mia moja tisini na tisa hamchekei bure mwenzake mwenye ndege mia moja tisini na tisa. Ndivyo tulivyo, mimi na yeye. Aina 199 kila mmoja, zote tumeziona humu humu Hifadhi ya Kettle Marsh. Kwenye ukuta wa kibanda cha kutazamia ndege umetundikwa ubao wa mwaloni. Atakayefikisha mia mbili, jina lake litachomwa hapo kwa chuma cha moto. Mwaka wa thelathini huu, ubao uko mtupu. Mimi nautaka mstari wa kwanza. Nimeendesha basi la shule maisha yangu yote, na hakuna mahali duniani palipoandikwa Delbert Krahn isipokuwa kwenye sanduku langu la barua. Hata hapo herufi ya K imebanduka.

Tarehe 22 kibanda kinafungwa mpaka majira ya kuchipua. Siku kumi na mbili!

Sasa habari yenyewe. Nilikwenda chooni, kile choo cha nyuma ya kibanda. Chini ya mwerezi nikaona madoa meupe na vidonge viwili vya manyoya na mifupa ya panya. Matapishi ya bundi! Nikainua macho polepole. Tawi la tatu kutoka chini. Bundi mdogo, kimo cha kikombe cha kahawa, macho ya manjano, uso wa mtu aliyeamshwa usingizini kutia saini barua. Sijawahi kumwona humu. Marlys pia hajamwona, nina hakika, kwa sababu orodha yake naijua kuliko yangu.

Tatizo ni shahidi. Ndege asiye na shahidi wa chama hahesabiwi. Wanachama tuko kumi na wawili, na wote wamekula keki za Marlys, kwa hiyo siwaamini. Nimebaki na shemeji yangu Clarence peke yake. Clarence yuko kazini kwenye kiwanda cha jibini mpaka Jumamosi. Na Jumamosi chama kizima huanza matembezi pale pale kibandani, hatua ishirini kutoka kwenye mwerezi. Marlys akimwona bundi dakika moja na mimi, tutalingana.

Sitaki kulingana. Lazima Marlys aondolewe pale.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimepata njia. Nitamzushia ndege.

Kikao cha uzushi nilikifanya gereji, mlango nimefunga. Lazima ndege awe adimu, la sivyo Marlys hatatoka mbio. Asiwe adimu mno, la sivyo atanusa. Nikachagua kwarara. Mweusi, mdomo umepinda kama mundu, hupotea njia na kufika huku kwetu mara moja kwa miaka mitatu. Marlys hana kwarara. Nitamweka Tuta la Tisa, mwisho kabisa wa upande wa magharibi, maili mbili za matope. Wakati wao wanahangaika huko, mimi na shemeji tutamtazama bundi kwa raha zetu.

Nikampigia Clarence. Nikamwambia Jumamosi asiondoke kibandani hata mbingu zikianguka. Akauliza kwa nini. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Akauliza kama kutakuwa na soseji. Nikaapa kwamba zitakuwepo.

Bernadine, mke wangu, akaingia gereji kutafuta ndoo. Akaniuliza nina nini, mbona nacheka na ukuta. Nikasema najizoeza. Akasema, "Delbert, njia ya mwongo fupi, baba." Hajui hata ninachopanga! Au anajua? Kwa nini alihitaji ndoo siku ya Alhamisi?

Jumamosi, 14 Oktoba

Siku ya balaa. Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili na nusu niko kibandani. Ukungu juu ya maji, korongo wanapiga kelele, mabata bukini kwa maelfu. Bundi yuko tawi la tatu. Vizuri sana. Marlys akafika wa kwanza, kama kawaida yake, na sinia la keki za malenge. Akanikatia kipande kikubwa kuliko vyote. Nilikigeuza huku na huku kabla ya kukila.

Saa moja kasoro dakika kumi, watu wote wamefika. Nikazunguka kidogo na pikapu, nikarudi natweta. Nikawaambia nimepita Tuta la Tisa na nimemwona kwarara waziwazi, anakula kwenye maji ya kina kifupi. Mtimuko! Wazee wa miaka sabini wakaruka ndani ya magari kama watoto wa darasa la pili. Ninajua, nimewabeba wengi. Marlys akanishika mkono akaniambia, "Mungu akubariki Delbert, ungeweza kunyamaza." Nilihisi aibu kidogo. Ilipita.

Vumbi likatulia. Nikageuka kumwita shemeji.

Hakuna shemeji!

Nikampigia. Akapokea huku anatafuna. Akasema yuko kwenye gari la Marlys, ameshika sinia. Nikamfokea, si nilimwambia asiondoke? Akajibu kwa unyonge, "Shemeji, na mimi sijawahi kumwona kwarara." Uongo wangu mwenyewe umeninyang'anya shahidi wangu mwenyewe!

Basi nikabaki mimi na bundi. Nikakaa juu ya ndoo. (Ile ile aliyokuwa akiitafuta Bernadine.) Jua likachomoza, likamwangazia kifua. Akafumba jicho moja. Nikafumba langu. Tukatazamana hivyo dakika ishirini, na nakiri humu, kwa kuwa hakuna anayesoma, kwamba nilikuwa na furaha sana na nilitamani awepo mtu wa kumwonyesha.

Simu ikalia. Marlys. Anapiga kelele mpaka nikaiweka mbali na sikio. Akasema, "Delbert wewe! Kwarara wapi? Una macho gani? Ni domomwiko! Wa waridi! Njoo upesi!"

Domomwiko. Ndege wa rangi ya waridi, mdomo bapa kama mwiko, makazi yake Florida. Hapa Wisconsin, Oktoba, baridi hii?

Nikakata simu nikatafakari. Nani alisema kuna ndege Tuta la Tisa? Mimi. Je, alikuwepo? Hapana, nilimtunga gereji. Mahali pasipo na ndege pana ndege gani? Nikaelewa. Wamenigundua! Nimewarushia kwarara hewa, na wao wananirudishia domomwiko hewa. Wanataka nikimbie maili mbili kwenye matope, nifike, nikute watu kumi na mmoja wamejishika mbavu.

Simu ikalia tena na tena. Clarence akasema, "Shemeji, nakuapia, ni pinki!" Nikamwuliza wamemlipa keki ngapi. Nikazima simu.

Saa mbili na nusu wakarudi kwa vishindo, milango ya magari inabamizwa, papapa! Bundi akaruka akapotelea msituni. Marlys akanikumbatia akilia. Domomwiko ndiye ndege wake wa mia mbili. Anasema kisheria mimi ndiye mgunduzi, hata kama niliita kwarara kwa sababu ya uzee na ukungu. Watu wakanipa mikono mmoja mmoja. Sijawahi kuona njama iliyopangwa vizuri namna hii.

Jumapili, 15 Oktoba

Picha zimejaa kwenye kundi letu la simu. Nimezikuza mpaka zikawa vigae vya rangi tupu. Ndege ni wa waridi kupita kiasi. Hakuna kitu cha waridi namna ile nje ya duka la midoli.

Bernadine karudi kanisani anasema kuna magari hamsini pale Tuta la Tisa, mengine ya Minnesota. Akaniuliza, kweli watu wa Minnesota waendeshe saa tano kuja kunitania mimi? Nikamwambia hawajui watu wa Minnesota.

Jioni Marlys akapiga kwa simu ya nyumbani, maana yangu naizima. Akasema ubao usichomwe bado. Anataka mimi nami nimwone domomwiko, nifikishe mia mbili, majina yote mawili yachomwe siku moja, tarehe 22. Akasema amengoja miaka kumi na tisa, wiki moja si kitu.

Mtu ameshinda, kisha anamngoja mwenzake? Nani anafanya hivyo? Nikamwambia asante, nitafikiri. Nimefikiri. Siendi.

Jumatano, 18 Oktoba

Usiku wa kuamkia leo madimbwi yameganda. Ndege wao eti ameondoka na baridi. Ameondoka! Siku ile ile niliyoamua kwenda kuwaumbua! Sadfa gani hii?

Nilikwenda hivyo hivyo. Tuta la Tisa, hakuna kitu, vitwitwi wanne tu, vindege vya matopeni, na upepo. Kisha chini kwenye matope, unyoya. Wa waridi. Nikauchukua, nikaunusa. Harufu ya samaki na tope. Wamejitahidi sana, lazima niseme.

Nikauweka kofiani kama ushahidi. Nikakutana na Pa Houa Xiong, mtaalamu wa ndege wa hifadhi. Binti mpole, huniita Mzee Krahn. Akautazama unyoya, akasema ni wa domomwiko mchanga, na kwamba sheria hairuhusu mtu kuchukua unyoya wa ndege wa porini, tafadhali nimpe. Akautia kwenye bahasha. Akaandika tarehe.

Hivyo ndivyo ushahidi unavyopotezwa. Kwa upole na kwa bahasha.

Ijumaa, 20 Oktoba

Samaki wa kukaanga wa Ijumaa, kama kawaida, pale ukumbi wa maveterani. Clarence akaketi meza yetu. Akala, kisha akasema ananionea huruma, kwamba alimwona ndege yule kwa macho yake na angetoa hata vidole viwili ili nami niwepo. Machozi yalimlengalenga. Nikamwuliza Bernadine baadaye kama kaka yake amewahi kuigiza jukwaani. Akasema shuleni aliwahi kuwa mti.

Sasa naelewa.

Lakini sijakata tamaa! Bundi anaweza kurudi. Mstari wa kwanza umekwenda, wa pili bado upo. Ningeupokea wa pili. Hata ubao mzima ukiwa na Voight juu, jina langu litakuwa pale chini, limechomwa, haliwezi kubanduka.

Jumapili, 22 Oktoba

Saa moja asubuhi nilikuwa nyuma ya choo. Tawi la tatu kutoka chini. Tupu. Sikuhangaika na matawi mengine, kwa sababu bundi ana kawaida zake kama mtu. Nikarudi nyumbani, moyo mzito kabisa. Nikavua buti.

Saa sita, Marlys kwenye simu ya nyumbani. Ananong'ona. Anasema amekwenda chooni, na kwenye mwerezi, tawi la tano upande wa pili, amemwona bundi mdogo. Anasema amesimama hapo amlinde, asije mtu akamshtua. "Njoo sasa hivi, Delbert. Mimi ndiye shahidi wako. Chuma kiko motoni. Tuchome majina mawili."

Mwerezi! Kati ya miti elfu arobaini ya hifadhi, kautaja ule ule! Tena saa chache tu baada ya mimi kuukagua na kuukuta mtupu. Nani aliyemwambia kwamba nautazama mti ule? Wamenifuatilia. Safari hii wamejua chambo cha kunitegea. Nikasema nina mafua makali. Nikapiga chafya mbili kwa uthibitisho.

Akasema, "Haya, ndugu yangu. Nitaendelea kusimama." Sauti kaifanya ya huzuni. Hodari sana yule mwanamke.

Bernadine alisikia yote. Akachukua funguo za pikapu na darubini yangu ya akiba, yeye ambaye hajawahi kutofautisha bata na shakwe, akaondoka.

Amerudi saa kumi na nusu. Pua nyekundu kwa baridi, macho yanang'aa kama msichana. Anasema Marlys alisimama chini ya mti ule saa tatu nzima. Anasema jina limechomwa moja, na chini yake wameacha nafasi, Marlys amekataa mtu mwingine asiandikwe hapo. Anasema amemwona bundi. Eti ana kimo cha kikombe cha kahawa na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini kutia saini barua.

Nikashtuka. Maneno hayo! Hayo hayo, neno kwa neno, niliyaandika humu Jumanne ya tarehe kumi!

Kwa hiyo anasoma shajara yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia leo naificha gereji, ndani ya ndoo.

Na kuna jingine. Amejiandikisha chamani. Marlys amemtilia saini bundi wake, ndege wa kwanza. Amebakiza mia moja tisini na tisa, na mstari ule mtupu ubaoni ameutazama sana, amekiri mwenyewe. Tangu sasa nitakuwa nafunga darubini kwa kufuli.